Meno yangu ni ya kahawia: naweza kusomea kazi ya kusafisha meno ya wengine?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana. Nimepata C ya Biolojia, C ya Kemia, D ya Fizikia, D ya Kiingereza na F ya Hisabati. Mtoto wa shangazi yangu yuko Minneapolis, Marekani. Anasema huko kuna watu wanaitwa mahaijinisti wa meno, kazi yao ni kusafisha meno tu, hawang'oi, na wanalipwa vizuri. Nimeipenda, ila nimetafuta chuo cha kozi hiyo hapa Tanzania sijakiona. Mwalimu mmoja ameniambia nisome tiba ya meno, mwingine anasema nirudie mtihani niingie kidato cha tano, nije kuwa daktari wa meno kabisa. Mama hataki kusikia, anasema kazi ya damu za watu italeta ukimwi au homa ya ini. Na kuna jambo naona aibu kulisema: nimezaliwa Arumeru, mkoani Arusha, meno yangu ni ya kahawia. Nani atakubali kusafishwa meno na mtu mwenye meno kama haya? Halafu nikipiga mswaki fizi zinatoa damu, siku hizi napitisha mswaki juu juu tu."*

Marahaba, binti. Umeuliza mambo matano kwa pamoja. Nitaanza na lile uliloliona aibu, kwa sababu ukilielewa vizuri utakuwa umeshaielewa nusu ya kazi unayoitaka.

Meno yako si machafu. Maji ya sehemu nyingi za Arusha, Kilimanjaro na Manyara hupita kwenye miamba ya volkano yenye madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Kuzunguka mlima Meru kuna chemchemi na visima vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, yaani tangu uchanga hadi kama miaka 8 hivi, tabaka gumu la nje ya jino hujengeka likiwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino likishaota, vitundu hivyo hunyonya rangi. Kwa hiyo kahawia unayoiona imo ndani ya jino lenyewe, haikugandia juu yake. Hakuna mkaa, magadi, limau wala mswaki mgumu utakaoitoa, na wanaokuuzia unga wa kuing'arisha wanakuuzia maumivu. Ikikusumbua sana, daktari wa meno anaweza kuipunguza rangi hiyo kwa kusugua tabaka jembamba sana la juu, au kulifunika jino kwa resini yenye rangi ya meno. Na usiache dawa ya meno yenye floraidi kwa kuogopa kahawia itazidi: meno ya mtu mzima yameshajengeka, hayawezi kupata tatizo hilo tena.

Sasa kuhusu kukubalika. Nimefundisha wanafunzi wenye meno kama yako, na sijaona mgonjwa akinyanyuka kitini kwa sababu hiyo. Wagonjwa huangalia kama umenawa mikono, kama umefungua vifaa mbele yao, na kama unasimama wakisema inauma. Zaidi ya hapo, mama kutoka Ngarenanyuki, huko huko Arumeru, anayeona aibu kufungua mdomo kwa sababu ya meno kama yako atakusikiliza wewe kuliko atakavyonisikiliza mimi.

Nimelianza hilo kwa makusudi. Watu wengi wanaotaka kazi hii wanafikiri ni kazi ya kuyafanya meno yawe meupe. Kung'arisha ni sehemu ndogo, na mara nyingi ndiyo isiyo na maana kitabibu. Kazi yenyewe iko chini, pale jino linapokutana na ufizi.

Kila baada ya kula na kulala, meno hufunikwa na utando laini wa vijidudu, ule tunaouita ukoga. Mswaki unautoa. Ukiachwa mahali pamoja kwa siku kadhaa, chumvi za kalsiamu na fosfeti zilizomo kwenye mate huanza kuugandisha, na unageuka ugaga, mgumu kama magamba ya chokaa yanayobaki ndani ya birika la kuchemshia maji. Hapo mswaki umeshindwa. Ugaga wenyewe una uso wa kukwaruza, ukoga mpya hupata pa kushika, na vijidudu husogea chini ya ufizi. Mwili hupeleka damu nyingi eneo hilo ili kupigana, ufizi huvimba na kutoa damu. Hatua hii hurudi nyuma kabisa ukisafishwa. Ikiachwa, kwa baadhi ya watu mfupa unaoshika jino huanza kuliwa polepole, bila maumivu, kwa miaka. Mfupa uliokwisha kwa njia hiyo haurudi wenyewe. Wavuta sigara na wenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa ndio huumia haraka zaidi.

Mtaalamu wa kusafisha hufanya nini basi? Hupima kina cha mfuko kati ya jino na ufizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, sehemu 6 kwa kila jino. Kwa mtu mwenye meno yote 32 hivyo ni vipimo 192. Milimita 1 hadi 3 ni salama, 4 na kuendelea unaanza kujiuliza maswali. Kisha huondoa ugaga juu na chini ya ufizi, kwa mashine ya mtetemo na kwa vyuma vya mkono vilivyopindwa kufuata umbo la kila jino. Hupiga picha za eksirei, hupaka floraidi, huziba mifereji ya magego ya watoto kabla haijatoboka. Halafu huongea, na kuongea ndiko kugumu kuliko vyote, kwa sababu umsafishe mtu leo kwa ustadi wote, akirudi nyumbani na mswaki wake ule ule wa juu juu, baada ya miezi sita mko pale pale.

Utasikia pia kwamba kusafisha meno kunayalegeza. Kinachotokea ni kwamba ugaga mwingi huwa umeyashikanisha meno ambayo mfupa wake umeshapungua. Ukiuondoa, mgonjwa anahisi nafasi na mtikisiko uliokuwepo tangu zamani. Utaulizwa hilo kila wiki, ukijaliwa kuifanya kazi hii, kwa hiyo lijibu bila kukasirika.

Hofu ya mama yako ni ya kweli, ila inahitaji namba. Sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya ukimwi ikimchoma mhudumu, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000, na akianza dawa za kinga ndani ya saa 72 na kuzimeza kwa siku 28, hatari hiyo hushuka zaidi. Homa ya ini aina ya B ndiyo tunayoiogopa sisi wenye kazi: kwa wasiochanjwa, kati ya watu 100 waliochomwa na sindano yenye virusi hivyo, 6 hadi 30 wanaweza kuambukizwa. Lakini hiyo ina chanjo, dozi 3 ndani ya miezi 6, na mwanafunzi makini humaliza dozi zake kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza. Mwambie mama hivyo. Mwambie pia kwamba kinachowatesa wengi wa kada hii hasa ni shingo, mgongo na viganja, kwa sababu ya kuinama na kurudia mwendo ule ule siku nzima. Anayejifunza kukaa vibaya akiwa mwaka wa kwanza analipia akiwa na miaka 40.

Tuje kwenye chuo. Hukukiona kwa sababu Tanzania haijaifanya kazi ya haijinisti kuwa kada inayojitegemea. Hapa kusafisha meno kumo ndani ya kazi za tabibu wa meno na daktari wa meno. Marekani waliitenga zamani. Mwaka 1906 daktari Alfred Fones wa Bridgeport, Connecticut, alimfundisha msaidizi wake Irene Newman, ambaye pia alikuwa binamu yake, kusafisha meno ya wagonjwa. 1913 akafungua shule, na wahitimu wake wakapelekwa kwenye shule za mji huo kuhudumia watoto. Newman alipata leseni mwaka 1917. Nakutajia hayo uone kwamba leseni huzaliwa na sheria ya mahali fulani, na haisafiri na mtu kama cheti cha kuzaliwa.

Njia iliyo karibu nawe ni Stashahada ya Tiba ya Meno, ambayo kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya elimu ya ufundi, utaikuta kwa jina la Clinical Dentistry. Ni miaka 3, ngazi ya 4 hadi ya 6. Kinachotakiwa ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. D ni ufaulu, kwa hiyo kwa cheti chako unaingia kwenye ushindani. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza. Ukihitimu unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na bila usajili huo huruhusiwi kumtibu mtu.

Lakini nisikudanganye kuhusu siku yako itakavyokuwa. Umeandika "hawang'oi". Tabibu wa meno anang'oa, tena sana. Kwenye kliniki zetu za serikali wengi huja jino likiwa limeshaoza hadi kwenye mzizi na usiku wamelia, na wanachotaka ni litoke. Utachoma ganzi, utang'oa, utaziba, na kusafisha kutakuja kwa wale wachache waliofika mapema. Kwenye kliniki binafsi za mijini uwiano hubadilika, wapo matabibu ambao wiki nzima wanasafisha. Ajira za serikali nazo hutoka kwa awamu, si kila anayehitimu anaajiriwa mwaka ule ule. Kama kung'oa kunakutisha kiasi cha kukosa usingizi, fikiria maabara ya meno, kule wanakotengeneza meno bandia, ambako mikono mizuri inathaminiwa na damu ni kidogo.

Mwalimu wako wa pili hakukosea, ila ameruka hatua. Udaktari wa meno ni miaka 5 chuo kikuu, pale Muhimbili kwa mfano, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Kwa kupitia PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha tano na sita, itabidi kwanza urekebishe ile D ya Fizikia, usome miaka miwili, ufaulu masomo yote matatu kwa kiwango kikubwa, ndipo uombe. Inawezekana. Ila kama huna uhakika wa ada ya kidato cha tano na bado una kidonda cha matokeo ya mwaka jana, sioni haja ya kuweka mayai yako yote kwenye kapu hilo. Mwenye stashahada ya tiba ya meno aliyefaulu vizuri, kwa kawaida wastani wa B au GPA ya 3.0, anaweza kuomba udaktari wa meno baadaye.

Hapa kuna shimo ambalo wengi hulitumbukia: vyuo vikuu vikipokea maombi ya wenye stashahada, vinarudi kutazama cheti cha kidato cha nne, na Hisabati huwa miongoni mwa masomo yanayodaiwa. F yako haikuzuii leo. Itakuzuia ukiwa na miaka 24, una kazi, una uzoefu, na mlango umefungwa kwa somo la kidato cha nne. Ushauri wangu ni uirudie kama mtahiniwa wa kujitegemea sasa hivi, wakati bado unakumbuka aljebra, hata ukiwa umeshapata chuo. Fizikia irudie pia kama nguvu ipo.

Ukitaka kazi inayofanana zaidi na ile aliyokusimulia binamu yako bila kuvuka bahari, Kenya wana maafisa wa afya ya kinywa wa jamii, wenyewe hujiita COHO, wanaosoma stashahada ya miaka 3 KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, Nairobi. Kinga, kusafisha na elimu ya mashuleni vina nafasi kubwa kwenye kazi yao. Afrika Kusini wana shahada kamili ya afya ya kinywa ya miaka 3, Witwatersrand na Western Cape ni baadhi ya vyuo. Ni masomo mazuri na ghali. Kabla hujalipa hata shilingi kwenda popote nje, andika barua kwa Baraza la Madaktari Tanganyika uulize watakusajili kwa kada gani ukirudi. Ukishamaliza masomo jibu halibadiliki kwa sababu umelia.

Na Marekani? Binamu yako amesema kweli kuhusu mshahara. Takwimu za serikali yao za Mei 2024 ziliweka mshahara wa kati wa haijinisti kwenye dola 94,260 kwa mwaka. Asichokuambia ni kwamba wengi hulipwa kwa saa, wakifanya siku chache kwa wiki katika kliniki moja au mbili, na si wote wanaopewa bima ya afya na mwajiri. Kuhusu kusoma, stashahada ya hapa haihamishiki. Lazima usome programu iliyoidhinishwa na tume yao ya ithibati, CODA. Kwao ni digrii ya miaka miwili kwa jina. Ukijumlisha anatomia, mikrobiolojia na kemia zinazotangulia, inakaribia mitatu. Baadaye unafanya mtihani wa taifa, mtihani wa vitendo, ndipo unaomba leseni ya jimbo. Jirani na Minneapolis, pale Bloomington, chuo cha jamii cha Normandale kina programu hiyo.

Tatizo kubwa lako ni karatasi za uhamiaji. Mtoto wa shangazi yako kama ana ukaazi wa kudumu analipa ada ya mkazi wa jimbo na akimaliza anafanya kazi. Wewe, hata ukipata viza ya mwanafunzi, katika vyuo vingi utalipa ada ya mgeni, utaruhusiwa kufanya kazi ya fani yako kwa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, kisha utahitaji viza ya kazi. Viza ya kitaalamu wanayoitumia wengi, H-1B, hutolewa kwa kazi ambazo kwa kawaida mlango wake ni shahada ya kwanza au zaidi, na uhaijinisti mlango wake ni digrii ya miaka miwili. Ndiyo maana watu husoma, hufaulu, halafu hukwama kwenye viza. Ukija kupata ukaazi wa kudumu, hesabu inageuka kabisa na nitakuwa wa kwanza kukuambia nenda. Kwa sasa usimruhusu mtu auze shamba kwa ajili ya hili.

Ningekuwa mjomba wako ningesema: omba tiba ya meno dirisha la NACTVET likifunguliwa, rudia Hisabati pembeni, na uache uamuzi wa udaktari au wa nje uje ukiwa mwaka wa tatu, ukiwa umeshagusa midomo ya kutosha kujua unapenda nini. Kuhusu ada, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha baadhi ya stashahada za kipaumbele, zikiwemo za afya. Soma mwongozo wa mwaka utakaoomba, maana orodha hubadilika.

Chuo kichague kwa macho. Hakikisha kimesajiliwa na programu yenyewe ina ithibati, kisha nenda ukaone. Uliza kuna viti vingapi vya meno na wanafunzi wangapi kwa kila kiti. Uliza wanafanyia wapi mazoezi ya hospitali, na kama wana vichwa vya mfano vya kufanyia majaribio kabla ya kumgusa mtu. Chuo chenye wanafunzi 80 na viti viwili kitakupa cheti, hakitakupa mikono. Na ukikutana na tangazo la "kozi ya usafi na ung'arishaji meno, miezi 6, cheti cha kimataifa", pita. Cheti hicho hakikupi usajili, na ukimuunguza mtu fizi kwa kemikali, sheria haitakutambua kama mtaalamu.

Limebaki moja, fizi zako. Umepunguza kupiga mswaki kwa sababu zinatoa damu, wakati zinatoa damu kwa sababu ukoga unakaa pale usipofika. Chukua mswaki laini, uelekeze nywele zake kwenye mstari wa ufizi kwa kuuinamisha kidogo, sogeza taratibu kwa vimwendo vifupi, dakika 2 asubuhi na 2 kabla ya kulala. Siku za kwanza damu itatoka, usikimbie. Ndani ya wiki mbili inapaswa kupungua waziwazi. Isipopungua, maana yake kuna ugaga ambao huwezi kuutoa mwenyewe, nenda kliniki ya meno, hospitali ya Mount Meru au hospitali yoyote ya wilaya iliyo karibu. Usisubiri hizo wiki mbili kama unaona usaha, jino linacheza, uso umevimba, damu inatoka bila kuguswa, au una michubuko mwilini na damu za pua ambazo huelewi zimetoka wapi. Hayo yanahitaji daktari akuone ana kwa ana na pengine kipimo cha damu.

Ukifika huko, baada ya kutibiwa, muombe mkuu wa kitengo cha meno akuruhusu ukae pembeni siku tatu au nne uangalie kazi. Nenda na barua ya serikali ya mtaa na nakala ya cheti chako, vaa viatu vilivyofunika vidole, na uombe kuwepo asubuhi, muda ambao wanaong'olewa ni wengi.